Kati ya mchanga wa Kwale na chipu amesimama mkemia

Kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024, meli zilikuwa zikija Likoni, kusini mwa bandari ya Mombasa, kupakia mchanga mzito uliochimbwa Kwale na kampuni ya Base Titanium: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Miaka yote hiyo mjadala wa hadharani ulizunguka mrabaha, fidia ya waliohamishwa na fungu la kaunti. Ni madai ya haki. Swali jingine lilisikika kwa nadra: ndani ya mchanga ule mna nini hasa, na ni nani mwenye ujuzi wa kukitoa na kukigeuza kitu cha thamani?

Zirkoni ndiyo inayobeba metali ya zirkoniamu, na zirkoniamu haipatikani peke yake. Hufuatana na hafniamu, ndugu yake wa karibu, kwa kiwango kidogo cha asilimia 1 au 2 hivi. Metali hizi zinafanana kitabia kiasi kwamba kuzitenganisha ni kazi ya kuchosha hata kwa kiwanda kikubwa. Waliojitwika kazi hiyo walikuwa watu wa nishati ya nyuklia, kwa kuwa mirija ya kuhifadhi fueli ya vinu vyao inahitaji zirkoniamu safi, na hafniamu humeza nyutroni. Kwa miongo mingi hafniamu ilikuwa zao la pembeni la usafishaji huo, yenye soko dogo.

Mambo yalibadilika mwaka 2007, kampuni ya Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha nanomita 45. Kila transista ndani ya prosesa ni swichi, na chini ya lango la swichi hiyo kuna kihami, utando unaozuia umeme usivuje. Kwa zaidi ya miaka 40 utando huo ulikuwa wa oksidi ya silikoni. Kila kizazi cha chipu kiliupunguza unene, mpaka ukafika nanomita 1.2, yaani atomi kama tano tu zikipandana. Katika wembamba huo elektroni hupenya, umeme huvuja hata swichi ikiwa imezimwa, chipu huchemka na betri huisha. Oksidi ya hafniamu iliokoa jahazi: ina uwezo mkubwa zaidi wa kuhifadhi chaji, hivyo inaweza kuwekwa nene kidogo na bado ikafanya kazi ya utando mwembamba. Mpaka leo vizazi vilivyofuata vya chipu vinaitegemea.

Ila kujua kwamba hafniamu inafaa ni hatua ya kwanza tu. Mtu anapaswa kuitandaza juu ya sahani ya silikoni yenye upana wa milimita 300, kwa unene wa nanomita mbili tatu, pasiwe na tundu wala kinundu, na ukingoni pawe sawa na katikati. Hakuna brashi wala mashine ya kupulizia inayoweza kufanya hivyo. Kazi hiyo hufanywa na molekuli zenyewe, juu ya uso, kwa mmenyuko wa kemikali ambao mkemia ameupanga tangu mwanzo.

Metali nyingi ni nzito na hazipendi kugeuka mvuke. Hafniamu haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,200 za Selsiasi. Kwa hiyo mkemia huipa atomi ya metali vazi. Huizungushia vikundi vya kaboni na hidrojeni, au vya naitrojeni, au klorini, mpaka ipatikane molekuli inayoweza kuwa mvuke kwa joto la chini kuliko hilo kwa mbali na kusafiri ndani ya bomba. Molekuli hiyo huitwa kitangulizi, kwa sababu hutangulia utando wenyewe. Kinachotakiwa kwake ni kigumu kukipata mahali pamoja: kiwe imara njiani kisivunjike ndani ya bomba, lakini kikigusa uso kimenyuke mara moja, kiache metali, na vazi lote liondoke bila kusahau hata kaboni kidogo nyuma. Kaboni ikibaki, utando huwa mchafu na kihami huvuja.

Kitangulizi kinachofahamika kuliko vyote ni trimetilialumini, ambacho watu wa kazi hukiita TMA. Ni atomi moja ya alumini iliyoshikana na vikundi vitatu vya metili, kila kimoja kikiwa na kaboni moja na hidrojeni tatu. Mvuke wa TMA ukiingizwa katika chumba chenye ombwe, hukuta uso wa sahani umefunikwa na vikundi vya haidroksili, oksijeni iliyoshika hidrojeni. Alumini hushika oksijeni. Metili moja huchukua ile hidrojeni na kuondoka kama gesi ya metheni. Metili zilizobaki hutazama juu. Sasa TMA nyingine ikija haipati pa kushika, kama mgeni wa harusi aliyekuta viti vyote vimekaliwa, hivyo hupita na kuondolewa na pampu. Kisha huingizwa mvuke wa maji. Maji huzing'oa metili zilizobaki, metheni hutoka tena, na uso hurudi kuwa wa haidroksili, tayari kwa duru nyingine.

Duru moja huongeza takriban nanomita 0.1. Mwenye kutaka nanomita 10 huhesabu duru 100 hivi, basi. Unene hauamuliwi na mkono wa fundi wala na wingi wa gesi iliyomwagwa. Unaamuliwa na idadi ya duru, kwa sababu uso wenyewe ndio unaosema imetosha. Na kwa kuwa gesi huingia kila mahali, hata kuta za mashimo marefu yaliyo membamba kuliko virusi hupakwa sawasawa kutoka mdomoni hadi chini. Kumbukumbu za kompyuta na za simu zisingefikia ujazo wa leo bila sifa hiyo.

Hapa ndipo mtu anapoona kwa nini kemia ya uso ni elimu kamili inayostahili idara na bajeti. Kila duru huongeza chini ya tabaka moja kamili la atomi, kwa sababu metili zina umbo na hubanana. Mbili zikikaa pamoja, ya tatu hukosa nafasi. Joto likipanda sana, haidroksili hupungua usoni na TMA yenyewe huanza kuvunjika. Likishuka sana, maji hung'ang'ania kuta za chumba na kuharibu mpangilio. Silikoni iliyosafishwa ikabaki na hidrojeni tupu juu yake huipokea hafniamu shingo upande: utando huota kwa visiwa visiwa, na kati ya kisiwa na kisiwa umeme hupita. Dawa yake ni kuacha kwanza oksidi nyembamba mno yenye haidroksili, ndipo hafniamu ifuate. Yaani mafanikio ya kiwanda cha mabilioni ya dola yalitegemea kujua ni kundi gani la atomi limekaa juu kabisa ya uso asubuhi ile.

Tawi la ujuzi huu lililofika viwandani halikuzaliwa katika nchi kubwa yenye fedha za kumwaga. Katika miaka ya 1960 Valentin Aleskovskii na Stanislav Koltsov, wakemia wa Leningrad, walikuwa wakipachika tabaka moja moja la molekuli juu ya silika, na kazi yao ilibaki kwa muda mrefu bila kujulikana sana nje ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1974 mwanafizikia Tuomo Suntola aliajiriwa na Instrumentarium, kampuni ya vifaa vya tiba ya Finland, atafute namna ya kutengeneza skrini bapa. Yeye naye, kwa njia yake, akafikia wazo la kuileta elementi moja baada ya nyingine, kwa zamu, na kuacha uso ujipange. Finland wakati huo ilikuwa na watu wasiofika milioni 5. Mwaka 1983 skrini zilizotokana na kazi hiyo zilikuwa zikionyesha taarifa za ndege katika uwanja wa Helsinki. Chipu zilikuja kuuhitaji ujuzi huo baadaye sana, na Suntola alipewa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia mwaka 2018, miaka 44 baada ya kuanza. Kwa muda wote huo Finland haikuacha kulea kemia hiyo. Chuo Kikuu cha Helsinki, chini ya akina Markku Leskelä na Mikko Ritala, kilikuwa mojawapo ya shule zake kuu duniani.

Msomaji wa Mbinga au Kitui anaweza kudhani haya yote yako mbali naye. Hayako mbali. Taa ya LED inayochajiwa kwa jua, ambayo imeondoa koroboi katika nyumba nyingi za vijijini, ni matunda ya jamii hiyo hiyo ya molekuli. Mwanga wake mweupe huanzia kwenye fuwele ya galiamu na naitrojeni, na fuwele hiyo huoteshwa kwa kupitisha mvuke wa trimetiligaliamu na amonia juu ya sahani ya yakuti iliyopashwa joto la nyuzi kama 1,000. Njia ya kuotesha semikondakta kwa mvuke wa namna hiyo iliasisiwa na Harold Manasevit huko California mwaka 1968. Galiamu na naitrojeni, hata hivyo, vilikataa kuota vizuri juu ya yakuti. Fuwele ilijaa nyufa. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya ndio waliogundua, mwaka 1986, kwamba ukitanguliza tabaka jembamba la alumini na naitrojeni katika joto la chini, fuwele inayofuata juu yake hukaa sawa.

Likabaki fumbo lililowatesa watafiti kwa miaka. Ili taa iwake, upande mmoja wa fuwele lazima uchanganywe na magnesiamu, nayo pia huletwa ikiwa ndani ya kitangulizi cha kikaboni. Waliichanganya, na umeme haukupita. Mwaka 1989 Akasaki na Amano waliona kuwa wakiipiga fuwele kwa miale ya elektroni, inaamka. Kwa nini? Jibu lilitoka kwa Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia mwaka 1992: amonia iliyoleta naitrojeni ilileta pia hidrojeni, na hidrojeni ilikuwa imeifunga magnesiamu ndani ya fuwele. Pasha fuwele joto katika naitrojeni isiyo na hidrojeni, kifungo kinafunguka. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ni haki yao. Lakini kizuizi chenyewe kilikuwa cha kemia kutoka mwanzo hadi mwisho, na ni mara chache mtu husimuliwa hivyo.

Paneli za sola nazo zina hadithi ya aina hii. Mwaka 2006 watafiti wa Ubelgiji na Uholanzi walionyesha kuwa utando wa oksidi ya alumini uliozaliwa na TMA, ukiwekwa juu ya silikoni, hubeba chaji hasi inayozifukuza elektroni zisipotee kwenye kasoro za uso. Viwanda viliuchukua na kuuweka mgongoni mwa seli za aina ya PERC, ambazo zilikuja kuwa nyingi kuliko aina nyingine zote duniani kuelekea mwaka 2020. Huenda baadhi ya paneli zilizo juu ya mabati ya shule na zahanati za ukanda huu ni za aina hiyo. Utando ule mgongoni mwake ni mwembamba mara elfu kadhaa kuliko unywele.

Sasa lirudi suala la madini. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji nje wa makinikia, yaani mchanga wa madini ya metali ambao haujayeyushwa, na tangu hapo kauli ya kuongeza thamani imekuwa wimbo wa kila serikali ya ukanda huu, kutoka Dodoma hadi Kinshasa. Nia ni njema. Ila wanaposema kuongeza thamani, wengi huona mtambo wa kuyeyushia: moshi, tanuri, vipande vya metali vinavyong'aa. Metali safi bado ni malighafi. Kobalti ya Katanga hutandazwa kama utando mwembamba kuzunguka nyaya za shaba ndani ya chipu, lakini haiingii humo kama kipande. Huingia ikiwa imevikwa molekuli ambayo mtu alikaa akaibuni, akaipima, akaisafisha mpaka uchafu ukahesabika kwa sehemu za bilioni. Bei hupanda hapo. Nchi inayojenga mtambo wa kuyeyushia bila kuandaa wakemia itakuwa imesogea hatua moja tu kutoka shimoni.

Mwandishi huyu hapendekezi Afrika Mashariki ianze kesho kuuza TMA. Kemikali hiyo huwaka moto ikigusa hewa tu. Jamaa zake zinajulikana kwa sifa hiyo tangu mwaka 1849, Edward Frankland alipotengeneza misombo ya kwanza ya zinki na kaboni huko Marburg, Ujerumani, na kuona ikilipuka miali kila hewa ilipoingia. Maabara za kushughulikia vitu vya namna hiyo zinahitaji masanduku yaliyojaa argoni, mabomba yasiyovuja, na watu waliofunzwa kwa miaka. Zipo taratibu za kufika huko, na hazianzii na kiwanda.

Mfano wa pa kuanzia uko katika bara hili. Katika Chuo Kikuu cha Zululand, kwenye kampasi ya KwaDlangezwa nchini Afrika Kusini, Neerish Revaprasadu amejenga kwa miaka mingi kundi la wakemia wanaotengeneza vitangulizi, kwa ushirikiano wa muda mrefu na marehemu Paul O'Brien wa Manchester. Walichagua njia inayowezekana. Badala ya molekuli zinazolipuka, walifanyia kazi molekuli zinazobeba metali na salfa kwa pamoja, na zinazovumilia hewa, zikiwemo zile za jamii ya dithiokabamati. Mkulima wa nyanya wa Kirinyaga au Lushoto anawajua jamaa zake: mankozebu, dawa ya ukungu anayopulizia shambani, ni dithiokabamati yenye manganizi na zinki. Molekuli ya namna hii huyeyushwa katika kiyeyushi, huvunjwavunjwa kuwa ukungu kwa mawimbi ya sauti ya masafa ya juu, kisha argoni huupeleka ukungu ndani ya bomba lililo katika tanuru lenye joto la nyuzi 350 hadi 450. Juu ya vipande vya kioo huota utando wa salfaidi ya metali, ambao unaweza kumeza mwanga wa jua na kutoa umeme.

Vifaa vya kazi hiyo ni tanuru la bomba, mtungi wa argoni, na chombo cha kufanya ukungu cha aina ileile inayotumika kuongeza unyevu chumbani. Ombwe halihitajiki. Kilicho adimu ni mkemia anayeweza kubadilisha kundi moja la pembeni mwa molekuli, akaona utando unabadilika vipi metili ikibadilishwa kuwa ethili, na akaeleza ni kwa nini.

Watu wa utando mwembamba wapo tayari Afrika Mashariki. Idara za fizikia za Dar es Salaam na Nairobi zimefanya utafiti wa tando za sola kwa miongo, zikisaidiwa na programu ya sayansi ya kimataifa ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni changa ya semikondakta. Mwanafizikia, hata hivyo, hupima utando baada ya kuwepo. Kitangulizi ni mali ya idara ya kemia, na idara za kemia za ukanda huu zimeelekeza nguvu nyingi kwenye dawa za mitishamba na ubora wa maji. Kazi hizo ni za lazima, hakuna anayepaswa kuzipunguzia shilingi. Kemia ya metali na uso inastahili kuwekewa meza yake pembeni ya hizo.

Wapo watakaosema kwamba kufunza wakemia wa vitangulizi mahali pasipo na kiwanda cha chipu ni kuwafunza kwa ajili ya Ulaya na Asia. Hoja hiyo ina uzito, maana vijana wengi wameondoka kwa sababu hiyo hiyo. Lakini tando nyembamba hazitumiki kwenye chipu peke yake. Zimo kwenye vioo vya majengo vinavyozuia joto, kwenye ncha za vifaa vya kukatia chuma, kwenye vihisi vya gesi, kwenye seli za sola. Na kiwanda cha chipu hakiwezi kuja mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini utando wa leo umetoka mchafu. Finland haikusubiri Intel ijenge Helsinki.

Palipo na nafasi ya kuchukua hatua ni kwenye mikataba inayokuja. Huko Songwe, Tanzania, mradi wa madini adimu wa Ngualla ulipata leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023. Hamu ya wawekezaji iko kwenye neodimiamu ya sumaku, lakini sehemu kubwa ya madini adimu yaliyomo mle ni siriamu na lanthanamu, ambazo bei yake ni ndogo na kwa kawaida huchukuliwa kama mabaki. Lanthanamu hiyo hiyo, ikiwekwa kwa kiasi kidogo mno juu ya oksidi ya hafniamu, hutumiwa kurekebisha volti inayowasha transista. Kifungu kimoja katika mkataba wa aina hii kingeweza kuitaka kampuni itoe kila mwaka kilo chache za oksidi zilizotenganishwa kwa vyuo vikuu vya umma, bila malipo, pamoja na fedha za kulipia wanafunzi wa uzamivu watatu au wanne wa kemia, mashine ya kupima miale ya infraredi inayoonyesha haidroksili zikiondoka usoni, na mtungi wa argoni usiokauka. Kwa bajeti ya mgodi ni kiasi kidogo. Wanasheria wa wizara wanaweza kukiandika kifungu hicho kwa siku moja, na wabunge wa kamati ya madini wanayo mamlaka ya kuuliza kwa nini hakimo.